Kiti cha umeme cha kupandia ngazi: kukifunga ni saa chache, kukipata ndiyo safari

Kamwene ndugu wa Gangilonga, Iringa, na pole sana kwa kuuguliwa na mama. Umeuliza kiti cha umeme cha kupandia ngazi, kile kinachombeba mtu juu na chini kwenye reli iliyofungwa ngazini, kinachukua muda gani mpaka kiwe kimefungwa nyumbani, maana mama amepata kiharusi, chumba chake kiko ghorofani, na hospitali wanakaribia kumruhusu. Sisi tulimfungia Baba hapa Mbeya, nyumba iko Forest, baada ya kuvunjika nyonga. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Kufunga kwenyewe hakumalizi siku. Uingereza, ambako viti hivi vimezoeleka majumbani, mafundi hufunga kiti cha ngazi zilizonyooka kwa saa mbili hadi nne. Ngazi zenye kona zinaweza kuwachukua siku nzima. Muda mrefu unapotea kabla ya hapo: vipimo, kutengeneza reli, meli, bandari. Sisi tuliagiza watu wakiwa wanavuna mahindi, kiti kikafungwa mvua za kwanza zimeshaanza. Kwa hiyo, ndugu yangu, usipange mama atoke hospitali apande moja kwa moja chumba cha juu. Andaa chumba cha chini sasa hivi, hata kama ni stoo mtakayoipaka rangi, na hakikisha choo kiko karibu. Baba alikataa katakata kulala sebuleni wageni wanapopita, tukamgawia chumba cha watoto, na amani ikarudi.

Sasa angalia ngazi zako, kwa sababu ndizo zitakazoamua muda wa kusubiri. Kama zinapanda moja kwa moja bila kugeuka, una bahati kubwa. Reli iliyonyooka haitengenezwi kwa ajili ya nyumba moja. Kiwanda kinayo tayari na inakatwa kwa urefu unaotakiwa. Ndiyo maana kule Uingereza wanaweza kukufungia ndani ya siku chache tangu uagize, na ndiyo maana hata viti vilivyotumika vinauzwa. Lakini kama ngazi zinafika katikati, zina kibaraza, halafu zinageuka, reli inabidi ipindwe kufuata ngazi zako wewe. Mtaalamu anabandika alama kwenye vidato, anapiga picha nyingi, kompyuta inachora, kiwanda kinatengeneza. Hapo ni wiki kadhaa kabla hata mzigo haujafungwa, na reli hiyo haitafaa nyumba nyingine yoyote.

Ngazi zetu zinageuka. Tulichofanya ni kuachana kabisa na reli ya kona, tukafunga viti viwili vya reli iliyonyooka: kimoja kutoka chini hadi kwenye kibaraza, kingine kutoka kibarazani hadi juu. Baba anashuka cha kwanza, anashika bomba tulilochomelea ukutani, anahamia cha pili. Kwake inafaa kwa kuwa anaweza kusimama na kupiga hatua chache. Kwa mtu wa kiharusi sina haraka ya kukushauri hivyo. Kabla ya kulipa hata shilingi, mwombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini ampime mama mambo mawili: je, anaweza kukaa wima bila kuangukia upande mmoja, na je, anaweza kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti akiwa na msaada mdogo? Kama bado, kiti cha ngazini hakimfai kwa sasa, hata kiwe kizuri namna gani. Muuzaji naye mwambie upande gani wa mama umelegea, kwa sababu kitufe cha kuendeshea kinatakiwa kiwe kwenye mkono wenye nguvu, na hilo linasemwa wakati wa kuagiza.

Kuhusu umeme, ukiagiza Uingereza huna shida: voti 230 na plagi ya miguu mitatu kama za kwetu. Ukiagiza Marekani, sema mapema unataka chaja ya voti 230, kwa kuwa kule wanatumia 120. Na watu wengi wananiuliza umeme ukikatika inakuwaje. Kiti hakiendeshwi na umeme wa ukutani moja kwa moja. Kwa kawaida kina betri mbili za voti 12, na kinajichaji kinapokuwa kimeegeshwa mwisho wa reli. TANESCO wakikata, bado kinapanda na kushuka mara kadhaa. Viti vingi vikiachwa katikati ya reli havichaji, kwa hiyo wafundishe wote nyumbani kukirudisha kiti mahali pake. Betri zenyewe katika viti vingi ni kavu, za aina ile ile inayowekwa kwenye vifaa vya kuhifadhia umeme wa kompyuta, na Mbeya zinapatikana.

Bandarini ndipo palipotutesa. Muuzaji wa nje asisafirishe mzigo kabla hujauliza TBS kuhusu ukaguzi wa ubora unaofanyika nchi unakotoka, kwa sababu cheti hicho hutolewa kabla ya kusafirisha. Pia mtake wakala wako aulize TRA mapema kitapangwa kundi gani la ushuru; usijihakikishie kwamba kitachukuliwa kama kiti cha magurudumu. Wakala wetu wa kwanza alikalia makaratasi huku gharama za kuhifadhi mzigo zikipanda, tukamwondoa. Na meli nazo zina mambo yake: kuanzia mwisho wa 2023 kampuni nyingi ziliacha kupita Bahari ya Shamu zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari za kutoka Ulaya zikarefuka. Muulize msafirishaji njia anayotumia kabla hujamuahidi mama tarehe. Kutoka Dar hadi Iringa ni kipande kidogo, lori likishapanda Kitonga umefika.

Wakati unasubiri, nyumba iandaliwe. Fundi umeme aweke soketi karibu na mwanzo au mwisho wa reli, waya usikatize ngazi. Pima upana wa ngazi, na angalia kama kuna mlango unaofungukia pale chini reli itakapoanzia.

Reli haishikiliwi na ukuta. Inasimama kwenye vidato vyenyewe, kwa miguu ya chuma iliyofungwa kwa boliti. Hapo ndipo tuliposota, maana ngazi zetu zina vigae. Fundi akiweka drili kwenye mtindo wa kugonga tangu mwanzo, kigae kinapasuka. Wetu alibandika utepe wa karatasi wenye gundi mahali pa tundu, akatoboa kigae taratibu kwa biti ya kigae bila kugonga, anamwagia maji kidogo kidogo, na alipofika kwenye zege ndipo akabadilisha biti na kuanza kugonga. Tundu moja lilikutana na nondo, akasogeza mguu kidogo akaendelea. Hakuna kigae hata kimoja kilichoharibika. Tafuta fundi wa namna hiyo, na umwonyeshe maelekezo ya kiwanda kabla ya siku yenyewe.

Msikubali kabisa yule atakayesema anaweza kuwachomelea kiti na winchi ya kuinulia mizigo kwa bei nafuu. Kiti halisi kina breki inayojishika yenyewe kiti kikianza kwenda kasi, kina vihisi kwenye sehemu ya miguu vinavyokisimamisha kikigusa mtoto au ndoo iliyosahaulika, na kina mkanda. Vijaribuni vyote mbele ya fundi kabla hajaondoka: wekeni boksi kwenye kidato mwone kama kitasimama. Halafu mfundisheni mama jambo moja mpaka alizoee: kikifika juu, kiti kinageuzwa kwanza kiangalie korido na kujifunga hapo, ndipo anafungua mkanda na kusimama. Hapo ngazi zinakuwa nyuma yake. Baba tulimrudisha juu na chini mara nyingi kwa zoezi hilo, akinung'unika, lakini sasa analifanya bila kukumbushwa.

Weka hapa picha mbili za ngazi, moja kutoka chini na nyingine kutoka juu, pamoja na upana na idadi ya vidato. Nikiziona nitakuambia kama reli iliyonyooka inatosha au itabidi usubiri ya kona.