Mapango ya Dambulla: usiende mbio mbio, na soksi usisahau

Wadau wengi wanaojipanga kwenda Sri Lanka wanauliza Sigiriya tu, ile ngome ya juu ya jiwe, alafu Dambulla, hekalu la Kibuddha la mapangoni, wanaipitia nusu saa wakati dereva anawasubiri chini na injini inawaka. Mi nasema kama muda unakubana na lazima uchague moja basi chagua Dambulla, tena ulale palepale mjini.

Ukifika mjini utakata tamaa kwanza. Ni makelele matupu, barabara kubwa zinakutana hapo, kuna soko kubwa la jumla la mboga kwa hiyo malori ya vitunguu na kabichi hayaishi, mabasi yanapiga honi bila sababu na bajaji zimejaa kila kona. Huamini kabisa kwamba juu ya ule mwamba unaouona pale, kama mita 160 kutoka chini, kuna mapango ambayo watawa wameyatumia zaidi ya miaka 2,000. Kutoka mji wa Kandy ni kama kilomita 70, panda tu basi la kawaida, ni bei chee, ila konda akikuambia masaa mawili we weka matatu.

Sasa saa ya kupanda. Nenda asubuhi mapema au kuanzia saa kumi jioni, saa sita mchana sikushauri, maana viatu unavivua getini unawaachia wanaovitunza kwa hela kidogo na baada ya hapo unakanyaga jiwe lililopikwa na jua tangu asubuhi. Soksi ndo dawa. Mabega na magoti yafunikwe, kina dada chukueni kanga mbili mmemaliza, kina kaka kikoi kinatosha. Na kabla hujapandisha ngazi uliza kwanza tiketi zinakatwa wapi, njia za kupanda ni zaidi ya moja na ukifika juu mikono mitupu utashuka tena. Lile sanamu kubwa la Buddha la rangi ya dhahabu pale chini ni la juzi tu, lilimalizika mwaka 2000, piga picha yako upite. Chakula usishike mkononi, wale kima wa kwenye ngazi wanakunyang'anya mchana kweupe.

Juu kuna mapango matano yamepangana chini ya jiwe moja lililoinama. Kabla hujaingia inua macho, utaona wachongaji wa zamani walikata ukingo kwenye mwamba ili maji ya mvua yadondoke nje yasitiririkie ndani, na ndo maana michoro ya mle ndani ipo mpaka leo. Yani akili ya watu wale! Historia yake ni kwamba mfalme Valagamba, karne ya 1 kabla ya Kristo, alipinduliwa na wavamizi kutoka kusini mwa India, akajificha huku miaka kama 14, aliporudi kwenye kiti chake Anuradhapura, mji mkuu wa enzi hizo, akayageuza maficho yake kuwa hekalu.

Pango la kwanza lina Buddha amelala, mita kama 14, amechongwa kwenye mwamba wenyewe, na chumba ni chembamba kiasi kwamba humuoni wote kwa mara moja. La pili ndo lenyewe. Refu mita 52 hivi, giza, masanamu yamejipanga pembeni, na ukiingia kutoka juani huoni kitu. Wengi hapo wanapiga picha mbili wanatoka. Usitoke! Kaa chini pembeni, tulia mpaka macho yazoee, ndo utaanza kuona dari lote limechorwa, rangi zinafuata mabonde na vilima vya jiwe mpaka unadhani ni kitambaa kimetandikwa juu. Mingi ya michoro hiyo ni ya karne ya 18. Kuna na chungu kinachokinga maji yanayodondoka darini, wanasema hayakauki hata kiangazi, na waumini wanayaheshimu sana kwa hiyo usiyachezee. La nne lina stupa ndogo, yaani kuba la ibada la Kibuddha, iliyowahi kuvunjwa na wezi waliodhani vito vya malkia, mke wa Valagamba, vimo humo.

Picha ruhusa ila bila flashi, na usijipige selfi ukiwa umempa mgongo Buddha, kwa wenzetu hiyo ni dharau kubwa. Kama una tattoo ya Buddha ifunike muda wote, mwaka 2014 mtalii wa Uingereza alirudishwa kwao kwa sababu hiyo hiyo.

Tenga masaa mawili, sio nusu saa. Ukishuka jioni tafuta kottu mjini, utaisikia kabla hujaiona, visu viwili vinagonga bati la moto vikikatakata chapati na mayai na mboga, na ukiulizwa pilipili sema kidogo, kidogo yao ni nyingi yetu. Sigiriya nenda kesho yake alfajiri, ni karibu, basi zipo.