Jibu: Kufuatilia jotoridi la friji ya gari safarini

Mkuu, umeuliza utajuaje friji iliyo nyuma ya gari bado inapoza bila kusimama kuifungua kila mara. Chukua kipimajoto kisichotumia waya: kihisi kinakaa ndani, kioo chake unakiweka mbele karibu na usukani. Vya Bluetooth vinavyosoma kwenye simu ni rahisi kutumia, ila bati la friji hudhoofisha mawimbi. Mimi naamini zaidi vile vyenye waya mwembamba unaopita kwenye mpira wa mfuniko.

Namba ya kwenye friji yenyewe isikudanganye. Mara nyingi inapima karibu na ukuta unaopoza, si katikati ya chakula. Kama kihisi chako hakiingizi maji, kitumbukize kwenye chupa ndogo ya maji, uiweke juu, mbali na ukuta. Hapo namba zake hazitarukaruka kila ukifungua mfuniko. Tegesha kengele ilie joto likivuka nyuzi 5 za Selsiasi.

Joto likipanda polepole mkiwa mmeegesha, angalia umeme kwanza: magari mengi hukata umeme wa soketi ya kiwashio cha sigara, ambako friji huchomekwa, injini ikizimwa, na friji nyingi hujizima volti za betri zikishuka.