Kubana mafuta kwenye gemu za magari: maswali yenu

Nimepewa lita moja, niende nayo mbali niwezavyo. Naendesha polepole kabisa lakini gari linazima kabla sijafikia umbali wa medali ya dhahabu. Nakosea wapi?

Yawezekana unatambaa kwenye gia ndogo. Injini inakunywa hata gari likienda mwendo wa kobe. Pandisha gia upesi hadi ya juu kabisa ambayo injini inaimudu bila kukwama, kisha shikilia kasi hiyohiyo. Kukimbia sana nako ni hasara: ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 160, upinzani wa hewa unakuwa mara nne.

Lakini mimi ningeangalia breki kwanza. Watu hulaumu mguu wa mafuta, wakati mafuta yao yanapotelea kwenye breki. Kasi yote uliyoigharamia inageuka joto, halafu baada ya kona unaigharamia upya. Achia mafuta mapema, gari lipungue lenyewe, upite kona bila kugusa breki. Kabla ya kilele cha mlima achia pia. Mteremko utakusukuma, na kasi utakayotoka nayo bondeni ndiyo uanzie mlima unaofuata. Changamoto hii inataka kuikariri barabara kona kwa kona, na ndiyo maana naipenda kuliko mbio zenyewe. Wenzangu wanaiita mchezo wa wazee.

Mteremkoni niweke nyutro?

Magari halisi ya kisasa hukata mafuta ukiachia kanyagio likiwa kwenye gia. Kwenye nyutro injini huendelea kunywa kidogo ili isizime, ingawa gari huserereka mbali zaidi. Gemu hazifanani katika hili, kwa hiyo jaribu zote mbili huku ukitazama geji. Usipoona tofauti, baki kwenye gia ya juu.

Natumia gia za otomatiki. Ni tatizo?

Ndiyo. Kwa kawaida hupandisha gia injini ikiwa imeshapiga kelele mpaka mwisho. Hamia za mkono.

Gran Turismo 7 ina ramani ya mafuta, yaani mpangilio wa jinsi injini inavyokunywa, 1 hadi 6. Niweke 6 tangu mwanzo wa mbio?

Hapana. 1 ni nguvu kamili, 6 ndiyo inayobana kuliko zote, na ukiiacha 6 utapitwa kwenye kila mnyooko. Iweke ukiwa nyuma ya gari jingine, maana mwenzako anakukatia hewa. Ukitaka kumpita, rudi 1. Muda mwingine pandisha gia mapema, na achia mafuta kidogo kabla ya pale unapofungia breki. Mwisho wa mnyooko injini inakunywa sana kwa kasi kidogo tu ya ziada.

Mbio ni raundi 30, tangi linatosha raundi 14. Nibane?

Ukifikisha 15 utaingia piti (kusimama kujaza mafuta) mara moja badala ya mbili, na unachotakiwa kupunguza ni kama asilimia 7 tu ya mafuta ya kila raundi. Sasa pima muda. Tuseme piti moja inakula sekunde 25: ukipoteza nusu sekunde kila raundi, umepoteza 15, umebaki na faida ya 10. Ukipoteza sekunde nzima, umeliwa. Ila kumbuka piti ya pili ungejaza mafuta ya raundi 2 tu, kwa hiyo huenda isifike hizo 25. Ikiwa fupi sana, kanyaga tu.