Hela "iliyotumwa kimakosa" msimu wa Krismasi

Dada yangu, pole. Umesema ukiwa unauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, iliingia meseji ya shilingi 180,000, kisha mtu akapiga analia kuwa amekosea namba, umrudishie upesi. Usitume hata mia. Fungua menyu ya mtandao wako uangalie salio; meseji mtu yeyote anaweza kuiandika, ila salio lako hawezi kuligusa. Mama yangu mdogo alirudisha 90,000 ambazo hazikuwahi kuingia, mkesha wa Krismasi, na ndiyo ilikuwa hela ya sare za watoto. Mpaka leo inaniuma.

Hata kama imeingia kweli, usirudishe mwenyewe. Mwambie apigie huduma kwa wateja, muamala urudishwe na kampuni. Na hao wa huduma kwa wateja wakikupigia, namba yao ni 100 tu, wala hawaulizi namba ya siri. Ile meseji itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, pamoja na namba ya tapeli.

Matapeli wa msimu huu hawako kwenye simu tu: tiketi ya basi ya kwenda nyumbani kata ofisini, stendi ya Nyegezi, si kwa kijana anayekufuata na kitabu mkononi. Watoto wako nao waambie haya leo jioni, maana simu yako wanaishika wao.