Mama anataka kuishika theluji: treni, gari la nyaya au miguu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi Munich, na mwezi wa sita mama yangu anakuja kunitembelea kutoka Marangu. Ana miaka 68 na anatumia dawa za presha. Theluji ya Kibo ameitazama tangu utotoni, hajawahi kuishika. Nataka kumpeleka Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani. Rafiki zangu wanasema tupande kwa miguu kupitia bonde la Reintal, eti njia ni nyepesi. Unanishauri nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Reintal ni nyepesi ukiilinganisha na Höllental, njia nyingine ya kupanda, yenye barafu na ngazi za chuma. Lakini ni zaidi ya kilomita 20, na unapanda zaidi ya mita 2,000. Wengi hulala njiani, kwenye nyumba za wapandaji za Reintalangerhütte au Knorrhütte. Nenda na hao rafiki zako siku nyingine.

Mama mpandishe kwa treni ya meno (yenye gurudumu la meno la kukwea mlima) kutoka Garmisch, mji ulio chini ya mlima, ila kwanza daktari wake aridhie. Gari la nyaya la Eibsee, ziwa lililo chini ya mlima, hufika kileleni, mita 2,962, kwa dakika kama 10 tu, na kwa maoni yangu mtu wa presha ni heri apande taratibu. Treni huchukua zaidi ya saa moja, mwishoni ikipita ndani ya handaki, kisha inawashusha Zugspitzplatt, uwanda ulio chini ya kilele, karibu mita 2,600. Theluji iko hapo! Kileleni ni zege, chuma na mwamba, na wengi hupiga picha na msalaba wa dhahabu wakashuka bila kukanyaga theluji.

Mama mkwe wangu nilimpeleka hapo mwezi huohuo wa sita. Aliichota kwa mikono mitupu, akaionja, akachota tena mpaka vidole vikafa ganzi. Kwa hiyo beba glavu mbili mbili, maana za kwanza zitalowa. Beba na miwani ya jua.

Mama atakuuliza habari za barafu, maana ya Kibo ameiona ikipungua. Mwambie ukweli: Schneeferner ya Kusini, iliyo hapo Zugspitzplatt, ilikoma kuhesabiwa kuwa barafuto (barafu ya kudumu ya mlimani) mwaka 2022.

Akijisikia vizuri, pandeni kileleni kwa gari dogo la nyaya, dakika chache tu. Msalaba autazame kutoka barazani, kwani kuufikia ni kupanda ngazi ya chuma. Kichwa kikimuuma au pumzi ikibana, shukeni mara moja. Tiketi ya kwenda na kurudi inaruhusu kushuka kwa gari la nyaya la Eibsee. Msimamishe kwenye kioo kinachotazama ziwa.

Asubuhi kabla ya kutoka, tazama picha za kamera za mlimani. Kukiwa na mawingu, ahirisheni. Tiketi ni ghali.