Ugomvi wa maziwa ya chai umefika kwenye grupu la ofisi

Dada, kuitwa mwizi wa maziwa ya chai kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, Kisumu nzima ikisoma (haya, ofisi nzima, na bosi), kunauma. Usijibizane humo. Andika tu, "Nimeona, tutaongea," kisha mfuate huyo aliyekuita mwizi kabla ya chai ya saa nne, mkiwa wawili. Hifadhi ujumbe wake, usiusambaze; wanaokuchochea inboksi si mashahidi wako. Ukiitwa na mwajiri kujieleza kwa kosa la kukufutisha kazi, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakuruhusu kuingia na mfanyakazi mwenzako. Kwa maziwa sidhani mtafika huko. Ila ukimtukana bosi kwa hasira, kifungu cha 44 kinahesabu hilo kosa la kufutwa bila notisi.