Maswali ya wasomaji: Kabati la nguo la gemu ligawiwe mke na mume?

SWALI: Asalaam alaykum. Tuko wanne hapa Wete, tunatengeneza gemu ya simu ya kuchezwa mtandaoni. Kila mchezaji anaunda mhusika wake na kumvisha. Wawili wanataka makabati mawili, la mwanamme na la mwanamke. Mmoja anataka “umbo 1” na “umbo 2” kama gemu za nje. Wa nne anasema huo ni uzungu. Tufuate lipi?

JIBU: Waalaykum salaam. Mnagombania mambo mawili kwa mpigo: maandishi ya kitufe, na kufuli mliloweka kwenye nguo. Mwaka 2022 gemu ya World of Warcraft iligusa maandishi: palipoandikwa mwanamme na mwanamke pakawa mwili 1 na mwili 2. The Sims 4, mwaka 2016, iliwaacha mwanamme na mwanamke pale pale ikavunja kufuli: zaidi ya vitu 700 vikafunguliwa, na umbo la mwili likatenganishwa na aina ya nguo.

Kwa wachezaji wenu, andikeni mwanamme na mwanamke, yaishe. Nguo ndizo msizifunge. Zipangeni kwa matumizi: sherehe, kazi, michezo, stara. Msichana anayetaka jezi na suruali pamoja na ushungi asikute jezi imefichwa upande wa pili. Kama baibui kwa mwanamme hamlitaki, lifungeni hilo moja. Msifunge kabati zima kwa ajili yake.

Na asiwatishe mtu kuwa kutengeneza mhusika wa kike ni kazi maradufu. Kampuni ya Ubisoft ilitoa hoja hiyo mwaka 2014 kuhusu gemu yake ya Assassin's Creed Unity. Jonathan Cooper, mhuishaji aliyewahi kufanya kazi kwenye mfululizo huo, akasema ni kazi ya siku moja au mbili. Alizungumzia mienendo tu, lakini. Nguo zina hesabu yake, kama swali linalofuata linavyoonyesha.

SWALI: Kanzu inamkaa vizuri mwanamme. Tukivuta slaida ya umbo, kifua kinachomoza nje ya kitambaa, na akitembea kanzu inagawanyika kama suruali. Tunatumia Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D.

JIBU: Ni kasoro mbili, kila moja na dawa yake.

Kifua kinachomoza kwa sababu slaida inausogeza mwili peke yake. Rudisheni slaida zote kwenye sifuri, ipeni kanzu modifaya ya Surface Deform (inayofanya kitambaa kifuate mwili), chagueni mwili kuwa shabaha, kisha bonyezeni Bind. Vuteni slaida moja hadi mwisho, halafu hifadhini umbo la kanzu kwa Save as Shape Key. Lipeni jina lile lile la slaida ya mwili, herufi kwa herufi, na kwenye msimbo wa gemu ziendesheni zote mbili kwa thamani moja. Rudieni kwa kila slaida. Mkiongeza au kupunguza nukta zinazojenga umbo la mwili baada ya kubonyeza Bind, modifaya itagoma na itabidi mbonyeze Bind upya. Kwa hiyo malizeni mwili kwanza. Mwisho ficheni ngozi iliyo chini ya kanzu, mkibakisha ukanda mwembamba shingoni, mikononi na miguuni. Kisichochorwa hakichomozi.

Kugawanyika kunatokana na kunakili uzito wa mifupa (kiasi ambacho kila mfupa unavuta kitambaa) kutoka mwilini: nusu ya kitambaa inafuata paja la kulia, nusu la kushoto. Lainisheni uzito katikati ili pande zote mbili zivutane, au ongezeni minyororo ya mifupa kuzunguka pindo, minne ikitosha kwa simu. Msizidishe mifupa 4 kwa kila nukta. Kwenye simu za bei nafuu ya tano ni mzigo wa bure. Baibui na joho hutengenezwa vivyo hivyo. Ushungi hauhitaji hayo: ukivaliwa, nywele zizimwe kabisa.

SWALI: Nikicheza na mhusika wa kike natukanwa kwenye maikrofoni. Nibadilishe niwe wa kiume? (Msichana, Mkoani)

JIBU: Ukipenda, badilisha, lakini sauti yako itakutambulisha. Kwanza zima sauti za wasiokuwa wa kikosi chako, ingia na unaowajua, na anayetukana mripoti papo hapo, kabla mechi haijafutika kwenye orodha. Nanyi wa Wete, maikrofoni ianze ikiwa imezimwa.